Pedi Iliyopimwa kwa Unga

Nimeishi ukuta kwa ukuta na yule mtu miaka mingi, na miaka yote hiyo nilimwona mara moja tu akimtazama binadamu usoni. Alitazama mikono. Ukimwamkia, macho yake yanashuka mpaka kwenye vidole vyako, yanakaa hapo, ndipo anaitikia, tena kwa uvivu kama unamdai. Pale mtaani kwetu Bagamoyo sote tulimwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Ukoo wake na alikozaliwa watawasimulia wenye hamu nao. Mimi nataka kusema alivyokuwa.

Alikuwa na banda la gemu. Mnayajua mabanda hayo: runinga ukutani, mashine chini yake, vijana wawili kwenye benchi wanacheza mpira wa kwenye runinga, kila mmoja na pedi yake. Nasema pedi ya gemu, kile kidude cha vitufe unachokikamata kwa mikono miwili, kwa hiyo msinichekee. Mimi nilikuwa nakaanga mihogo ubavuni mwa banda hilo. Moshi wangu uliingia kwake, kelele za vijana wake zikaja kwangu. Mabanda yalikuwa tele mjini, mengine yana runinga pana kuliko yake na feni juu, lakini watu walimiminika kwake yeye kwa ajili ya pedi.

Kwenye pedi, simnyimi haki yake. Alikuwa fundi kweli.

"Waliozitengeneza hizi," alikuwa akisema, na bisibisi iko mdomoni, "walipima mkono wa mtu mmoja huko kwao, wakadhani wamepima dunia nzima." Basi yeye alizifungua akazianza upya. Mwenye mkono mdogo alimkwangulia mashikio kwa msasa mpaka yakamwenea. Zile pedi za bei rahisi, nyepesi kama kopo tupu, alizitia ndani chubwi, vile vipande vya risasi wanavyofunga wavuvi kwenye mishipi, ili mkono ujue kwamba umeshika kitu. Jasho letu la pwani alilichukia kama adui. Alisema lina chumvi, linaila raba ya zile stiki mbili za kusukumwa kwa gumba, mpaka gumba linateleza na bao linakwenda nje. Kwa hiyo kila asubuhi alizifuta pedi zote, akazipaka poda ya mtoto mchanga, akazilaza kwenye kitambaa. Ungemwona ungesema ana watoto wachanga kweli.

Alikuwa na msemo wake mmoja. "Pedi ikikuuma, kosa ni la pedi. Pedi isipokuuma na bado umefungwa, kosa ni la mama yako aliyekuzaa." Vijana walicheka kila mara, hata yule aliyeambiwa. Kuna watu na viatu, jamani.

Maana ulimi wake ulikuwa shubiri. Kijana mmoja alikuja kumwalika harusi yake, kavaa vizuri, kanyoa, ananukia. Fundi akamkamata mikono, akaigeuza huku na huku mbele ya watu. "Mikono ya kupokea hii," akasema. "Mwambie huyo binti ajifunze kazi." Yule kijana alitoka pale kadi yake ingali mkononi. Mimi mwenyewe aliniambia siku ya soko, wateja wamejaa, "Mama Mihogo, mikono yako hiyo serikali ingeikodi, itishie watoto wasioenda shule." Nilimjibu na mimi, sikukaa kimya, nilimtaja mpaka mkewe aliyemkimbia. Lakini usiku ule niliipaka mafuta mikono yangu, na machozi yalinitoka.

Ya kwake ilikuwa mizuri, Mtume! Mirefu, myororo, kucha zimekatwa sawasawa, mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Hakumpa mtu mkono. Ukimpa wako anakuinulia kiwiko. Hata msikitini, baada ya swala, watu wanapopeana mikono, yeye ameshafika kwenye viatu. Mteja akitoka kula mihogo yangu hagusi pedi mpaka anawe kwa sabuni, na Fundi anasimama juu yake kama askari, "Mafuta! Mafuta ya yule mwanamke!" Nusu ya wateja wangu walinikimbia kwa sababu hiyo.

Sasa huyo huyo, nilipoungua mkono kwa mafuta, siku ya pili yake aliingia kwangu bila hodi, akachukua kijiko changu cha matundu cha kuopolea mihogo, akaondoka nacho. Nikajua kaniibia. Jioni kakirudisha, kakitia mshikio mpya wa mti, umepinda kidogo, na pahali pa kidole gumba pamechongwa. Nilipokishika nilitaka kulia, kilivyokaa. Nikamwambia Fundi, Mungu akulipe. Akasema, "Sikukufanyia wewe. Nimeufanyia mkono. Mkono hauna kosa kuwa wako." Ndivyo alivyokuwa. Ukitaka kumshukuru anakuchapa. Kijiko ninacho mpaka leo, na kazi kinafanya.

Lakini lililolifanya banda lake lisemwe mpaka Kaole lilikuwa sheria ya shikamoo. Kwingine kote mshindi anabaki kwenye benchi na aliyefungwa anatoka. Kwake yeye, aliyefungwa kabla hajatoka anamwamkia aliyemfunga. "Shikamoo." Na mshindi anaitika, "Marahaba." Umri hautazamwi. Mwenye ndevu nyeupe akifungwa na kijana asiyeota hata moja, anatoa shikamoo, na kijana anaipokea. Sisi ni watu wa pwani. Shikamoo kwetu si neno la kuchezea. Unafundishwa kabla hujajua kufunga kikoi. Ndiyo maana ilikuwa inauma, na yeye alijua inauma, na ndiyo raha yake ilikokuwa.

Siku moja alikuja mzee wa heshima zake kutoka mtaa wa pili, anajidai alicheza gemu enzi za ujana wake huko Dar. Fundi akamkaribisha kwa adabu zote, kisha akamwita aje kucheza naye mume wa binti wa yule mzee. Tena akampa mzee ile pedi mbovu aliyoiita Mama Mkwe, maana kitufe chake kimoja kikibonyezwa kilinuna hakirudi. Aliihifadhi kwa ajili ya watu aliotaka kuwaaibisha. Mzee kafungwa. Banda zima linasubiri. Mzee wa watu, midomo inamcheza, akamtolea mkwewe shikamoo. Mkwe naye hajui pa kuficha uso, akaitika kwa sauti ya mgonjwa. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Ndoa haikuvunjika, lakini wale wawili hawakukaa tena mkeka mmoja.

Na watu walirudi! Hapo ndipo ninapowashangaa. Walitukanwa, wakaaibishwa, na kesho yake wapo mlangoni. Mkono ukishazoea raha hauna haya.

Mdogo wangu Sele alikuwa wa kwanza wao. Tumbo moja, mimi na yeye, na mimi ndiye niliyemlea mama alipofariki. Mchana alikuwa anauza juisi ya miwa kwa ile mashine ya magurudumu ya chuma, jioni yuko kwa Fundi. Alikuwa anawafunga wote. Hakuwa na majivuno, na akipokea shikamoo ya mkubwa aliinamisha kichwa, akaitika kwa sauti ndogo. Fundi hakumpenda mtu, lakini mikono ya Sele aliipenda. Alisema wazi kwamba ndiyo mikono pekee mjini inayostahili kazi yake.

Mashine ya miwa ikauchukua ule wa kulia. Muwa ulikwama, akausukuma, ukaondoka na mkono. Vidole vinne vikaenda vyote. Kikabaki kiganja na kidole gumba.

Fundi alikuja hospitali. Nikasema kumbe ana utu. Hakumpa Sele pole wala mimi hakunisalimu. Akamwambia nesi afungue bandeji aone. Nesi akakataa. Akakaa kwenye kiti kimya mpaka walipokuja kubadilisha dawa, akakitazama kile kigutu mbele na nyuma kama anayekagua samaki. "Gumba lipo," akasema. Akaondoka. Nilimlaani mpaka getini.

Wiki chache baadaye akaja kuniomba unga. Nimekanda unga wa maandazi, akaomba donge, akamwita Sele, akamwambia kandamiza mkono humo. Akalibeba lile donge na alama yake, na masika nzima, mvua inapiga, watu hawana pa kwenda, yeye alijifungia nyuma ya banda. Alipotoka alikuwa na pedi ambayo sijaona mfano wake. Upande wa kulia mshikio aliuondoa, mahali pake akajenga kikombe cha raba, raba ya kandambili tabaka juu ya tabaka, kigutu cha Sele kikaingia humo kama yai kwenye kiota. Ukanda wa mpira wa baiskeli ukafunga kifundoni. Gumba likatokeza juu, likafikia vitufe vyake vinne. Na vile vitufe vya mbele, vinavyotaka kidole cha shahada ambacho Sele hakuwa nacho tena, alivihamisha kwa nyaya nyembamba mpaka nyuma ya pedi, vikabonyezwa na vidole vya mkono wa kushoto ambavyo siku zote huwa vimelala tu.

Siku ya kwanza Sele alifungwa. Ya pili akafungwa. Baadaye akaanza kufunga watu. Aliniambia jikoni, anacheka na machozi yanamtoka, "Dada, nikiishika ile nasahau." Tangu ajali nilikuwa sijamwona akicheka. Nikasema mchawi mpe mwanao amlee, labda nilimkosea yule mtu.

Wapi! Pedi haikuwa ya Sele. Fundi aliitundika juu kwenye msumari, chini ya paa, na kuishusha ni mpaka atake yeye. Na hakutaka mpaka Sele aseme mbele ya banda lote, "Fundi, naomba mkono wangu." Maneno hayo hayo, asipunguze hata moja. Siku nyingine anasemeshwa mara mbili kwa sababu ya kwanza haikusikika. Siku nyingine anasema, na Fundi anaendelea kupaka pedi poda kama hakusikia, na Sele anakaa kwenye benchi mpaka banda linafungwa, kigutu kimefichwa mapajani. Nilimtafutia mashine ya gemu, kuukuu, tukaiweka nyumbani. Kilichokosekana ni pedi ile tu. Nikamwendea Fundi, nikamwomba kwa Mungu na Mtume. Akasema, "Mkono nimeufanya mimi. Wa kwake ameusaga na miwa."

Sele akanuna siku kadhaa, kisha, mbele za watu, akamwambia, "Fundi, tucheze mimi na wewe. Nikikufunga naondoka nayo." Fundi hakuwa anacheza ovyo. Alikuwa akikaa kwenye benchi mara moja moja, na hakuna aliyewahi kupokea shikamoo yake. Akatabasamu. "Haya. Ukinifunga, chukua uende. Wote hawa mashahidi."

Niliacha mihogo ikaungua. Nilisimama mlangoni na kijiko mkononi. Sitawadanganya kwamba naujua mpira wa runinga, lakini mabao nayajua. Fundi alitangulia. Sele akarudisha. Kisha, mpira unakaribia kwisha, banda lote likaruka juu kwa kelele na nikamwona Sele kasimama, pedi imeshika mkono wake, mkono umeshika pedi, na Fundi kaduwaa anaitazama runinga. Kamfunga! Haki ya Mungu, kamfunga mchana kweupe, na watu wote waliona.

Sasa Fundi anadaiwa shikamoo yake. Mtu mzima, umri wa baba yetu, ameketi pale, macho chini, shingo imemvimba. Wale vijana wote aliowaaibisha wamemkodolea, wengine wameshaanza kutabasamu. Hasemi. Dakika inapita, hasemi. Na mdogo wangu, niliyemlea mimi mwenyewe, niliyempiga kofi mimi mwenyewe kila alipompita mkubwa bila kumwamkia, akashindwa kuvumilia. Aliona mzee anadhalilika. Akainama kidogo, kwa adabu, kama anayemwambia yaishe, mzee wangu, hakuna haja, akasema:

"Shikamoo, Fundi."

Fundi aliinua kichwa. Mara ya kwanza maishani nikamwona anamtazama mtu machoni.

"Marahaba," akasema. Kisha akanyoosha ule mkono wake mzuri. "Lete pedi. Aliyetoa shikamoo ndiye aliyefungwa. Sheria mnaijua."

Nilipiga kelele. Nilimwita mwizi, dhalimu, kizazi cha fisi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama Mihogo, nimelazimisha mtu? Nimemwambia asalimu?" Nikawageukia wale mashahidi. Thubutu! Mmoja anafunga kamba ya kiatu, mwingine anaangalia simu. Wote walikuwa wanataka pedi nzuri kesho. Sele alifungua ukanda kwa meno, akamkabidhi. Hata mimi nilikuwa nataka kumtandika kofi, adabu gani hiyo, na papo hapo nilikuwa najua ni adabu yangu.

Hakurudi tena bandani. Alikwenda Miono kwa mjomba wetu, akashika jembe, akalima mananasi. Jembe kwa kigutu, mtaniuliza. Alilibana kwapani, akalisukuma kwa kiganja, siku za mwanzo damu, baadaye pakawa sugu. Akaoa, akazaa. Ile mashine ya nyumbani kwangu niliitandikia kitambaa nikaweka redio juu yake.

Miaka ikapita. Simu zikaua mabanda ya gemu, la Fundi nalo likafungwa, naye akachukuliwa na binti yake Mapinga, kule wanakouziana viwanja. Nikasikia anaumwa. Sikwenda kumwona. Kisha yule binti akanipigia simu. "Mama, baba anataka kumwona Sele. Anasema ana amana yake."

Sele hakutaka. Nikamwambia amana ni jambo zito, mtu akitaka kuirudisha kabla hajafa usimzuie. Ukweli ni kwamba nilitaka aipate. Nilitaka sana. Nilikuwa bado naiona sura yake ile ya jikoni, anacheka na machozi yanamtoka. Nikampeleka.

Tulimkuta barazani kwenye kiti. Mikono yake, ile mikono, ilikuwa inatetemeka. Mchana kutwa, alisema binti, hata usingizini. Chai ananyweshwa. Kucha zilikuwa zimekatwa vibaya vibaya na mtu mwingine. Hakuomba radhi. Alimwambia binti alete kitambaa, kikaletwa, kikafunguliwa, na pedi ilikuwemo, safi, ina poda, raba bado laini kama jana.

"Shika," akamwambia Sele.

Sele akakitia kigutu kwenye kikombe. Hakikuingia. Akakigeuza, akasukuma, hakikuingia. Jembe lilikuwa limekifanya kiganja kipana na kigumu, ngozi imeota sugu pande zote, si mkono ule ulioingia kwenye unga wangu. Alisukuma mpaka ngozi ikawa nyekundu. Fundi akainama mwenyewe kuufunga ukanda, vidole vikaruka huku na huku, ukanda ukamponyoka, akaushika tena, ukamponyoka. Binti alitazama pembeni. Mimi nilikuwa namwomba Mungu, uingie, basi uingie tu.

Fundi akaacha. Akakitazama kile kiganja kwa muda, mbele na nyuma.

"Mkono gani huu?" akasema. "Nilikuachia mkono mzuri. Umeuharibu."

"Samahani, Fundi," Sele akasema.

"Rudisha."

Sele akairudisha. Fundi akamwambia binti aifunge kwenye kitambaa aiweke ndani, na pale pale akafumba macho, kama tumeshaondoka. Tukaondoka. Barabarani, tunangoja gari, Sele akawa anakisugua kigutu kwenye shati, akaniambia, "Lakini ilikuwa nzuri, dada. Ile pedi ilikuwa nzuri."

Siku hizi kila nikimaliza kuswali namwombea dua Fundi. Wanaonisikia wanasema mashaallah, huyu mama ana moyo. Namwomba Mungu ampe umri mrefu, mrefu sana, ampe akili timamu na macho mazima, aamke kila asubuhi na kuitazama ile mikono yake.